Kabla na Baada

Siku ya tano tangu bango lile libandikwe kwenye kijiwe cha bodaboda mjini Mpanda, Ernestine alifunika cherehani yake kabla hata ya saa nne. Sindano ilikuwa imemchoma mara mbili asubuhi hiyo, na fundi wa miaka saba hachomwi ovyo. Kila pikipiki ikipita mbele ya kibaraza chake, dereva anageuza shingo.

"Kabla! Mambo vipi, Kabla?"

Bango lenyewe lilikuwa na picha mbili. Kushoto alikuwa Ernestine, mweusi kama Mungu alivyomleta, na chini yake neno KABLA. Kulia alikuwa mdogo wake Immaculata, mweupe tangu siku aliyozaliwa, na chini yake BAADA. Katikati yao kopo la mafuta ya kung'arisha ngozi, yaitwayo Nuru ya Alfajiri. Dada hawa wanafanana pua, midomo, hata mwanya. Halafu Pasaka iliyopita mama yao alinunua kitenge pisi nzima, Ernestine akashona magauni mawili ya mshono mmoja, wakaenda studio kupiga picha. Mpiga picha, mtu asiye na haya hata chembe, akaikata picha katikati akamuuzia muuza mafuta hayo. Nani tena angejua kuwa hao ni watu wawili?

Immaculata ameolewa Ikola, huko ziwani anaanika dagaa. Alipopigiwa simu alicheka mpaka mtandao ukakatika. "Dada, kumbe nimekuwa staa!" Ernestine hakuona cha kuchekesha. Alikuwa ameapa kwamba jina lile hataliitikia, wala hatageuka, na kwa siku tano alikuwa ametembea mjini na shingo ngumu hadi ikamuuma.

Lakini leo ilikuwa Jumamosi, siku ya mnada Katumba, kwao alikozaliwa, na muuza mafuta, Hezron, hakosi mnada. Ernestine akapanda bodaboda. Alitaka kitu kimoja tu: Hezron atamke kwenye kipaza sauti chake, mbele za watu, kwamba wale ni watu wawili. Basi. Hakutaka pesa wala pole.

Alimkuta amesimama mbele ya gari lake, bango lile lile limebandikwa ubavuni, meza imejaa makopo, spika inapasua masikio.

"Wiki mbili tu, dada zangu! Wiki mbili giza kwaheri!"

Ernestine alipenya hadi mbele. "Mwongo wewe! Huyo wa kulia ni mdogo wangu. Alizaliwa hivyo hivyo!"

Watu walimtazama, wakatazama bango, wakamtazama tena. Mama mmoja wa Kisukuma, Masalu, aliyeshika kopo mkono mmoja na kamba ya mbuzi mkono wa pili, akamwonea huruma kwelikweli.

"Mbona ni wewe, mwanangu? Gauni hilo hilo, mwanya huo huo. Uliacha kupaka, ndo umerudi huko."

Kicheko kikalipuka. Hezron si mtu wa kuachia nafasi ipite. "Mmesikia? Ukiacha, unarudi! Ndo maana nasema nunueni mawili mawili!"

"Basi tumuulize aliyetuzaa!" Ernestine alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza.

Mama yake alikuwa pale pale mnadani, upande wa maharage. Jina lake la ubatizo lilishasahaulika. Tangu mtoto wa kwanza azaliwe, Katumba nzima inamwita Mama Ernestine. Alivutwa mkono, akaja kwa kusitasita, amekumbatia mkoba wake chini ya kitenge. Ernestine akampokonya Hezron kipaza sauti, akakiweka mdomoni kwa mama.

"Waambie, mama."

"Ni wanangu," mama alisema. "Wawili. Huyu wa kwanza, yule wa pili. Immaculata alitoka mweupe vile vile, kamfuata bibi yake mzaa baba. Hajapaka kitu."

Watu wakatulia. Masalu akarudisha kopo mezani taratibu. Ernestine alihisi kifua kikifunguka, akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Ingeishia hapo, tungesema haki imetendeka.

"Mama yangu, nakuheshimu sana," Hezron alisema kwa upole. "Ila lile kopo ulilonunua kwangu asubuhi, ulimnunulia nani?"

Mama alitazama chini. Kipaza sauti bado kilikuwa mdomoni mwake. Akaingiza mkono mkobani, akatoa kopo la Nuru ya Alfajiri, jipya, na muhuri wake.

"Huyu," alisema, na mnada mzima ukasikia.

"Nyie! Mama aliyewazaa wote wawili kanunua!" Hezron alipaza sauti. "Nyie mnangoja nini?"

Mikono ikajaa mezani, ya Masalu mbele. Ernestine alimnyang'anya mama yake lile kopo, akalibamiza mezani, akamkokota kutoka kwenye kundi hadi karibu na zizi la ng'ombe. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa hasira.

"Mama, wewe ndo ulituogesha wote. Ulijua!"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Nilijua, mwanangu. Lakini ile picha naiona kila nikienda mjini. Naiona, naiona... nikasema labda." Alimfuta machozi kwa pembe ya kitenge chake. "Wanavyokuita vile, naumia. Nilitaka waache."

Ungemjibu nini mtu anayekupenda namna hiyo? Ernestine alimshika mkono, wakaanza kuondoka, wakipita katikati ya ng'ombe na kelele za wachuuzi. Nyuma yao spika ikakoroma.

"Mama Kabla! Mama Kabla, umesahau kopo lako!"

Mnada wote ukageuka kuwatazama. Ernestine alikaza shingo kama alivyoikaza siku zote tano, akaubana mkono wa mama yake na kuongeza mwendo. Ule mkono ukachomoka.

"Abee," mama akaitika.