Hologramu ya Pentti na Zamu ya Alhamisi

Mhandisi Pentti alifariki mwezi wa kumi, akaacha hologramu aliyoibuni imewambwa kwenye fremu ndani ya maabara ya mji wa Espoo. Haikuwa picha ya mwanga; ilikuwa plastiki pana kama ukuta, nyembamba kama ganda la kitunguu, yenye michirizi ya shaba. Mawimbi ya redio yaliyotawanyika yakipita hapo hutoka yamenyooka, kana kwamba yanatoka kwenye nyota, na antena ya darubini hupimwa humo humo ndani bila kupandishwa mlimani.

Tatizo ni kwamba hayakunyooka. Alhamisi tatu mfululizo, na Alhamisi ndiyo siku pekee wapimaji waliyopewa chumba, mstari kwenye skrini ulipinda kama njia ya mlevi. Hii ya leo ilikuwa ya nne na ya mwisho. Ikishindikana, plastiki inakwenda jalalani, na antena inapakiwa kwenye lori ikapimwe ng'ambo.

"Ni viungio vyako, Maire," alisema Dokta Rautanen, mkuu wa maabara, taulo begani. "Gundi imeachia."

"Gundi yangu itaachia siku utakayoacha kahawa."

Maire, fundi wa maabara, alikuwa ameunganisha vipande vya ile plastiki kwa mkono wiki mbili nzima, Pentti akimshikia taa na kumkosoa. Aligusa plastiki. Asubuhi ilikuwa imekaza kama ngoma. Sasa imelegea kama shuka lililoanikwa. Akainua uso. Kwenye tundu la hewa darini kulishuka pumzi ya joto, yenye unyevu na harufu ya majani ya mbetula, mti ambao matawi yake watu hujichapia wakioga mvuke.

"Nani kawasha sauna?"

"Leo Alhamisi," Dokta alijibu, kana kwamba ameulizwa jina lake.

Walikuwa wameshuku malori ya barabarani, jua, hata sweta la Maire. Sauna ya chini, chumba cha kuogea mvuke, hakuna aliyeiandika kwenye orodha ya washukiwa. Ingekuwa kama kumshuku mama mzazi.

"Izimwe."

"Omba jingine, Maire."

Hakuomba. Alishuka ngazi, akafungua mlango, akawakuta wahandisi watano uchi kama walivyozaliwa.

"Funga mlango, dada! Mvuke unatoka!"

"Ndiyo shida yenyewe, mvuke unatoka!"

"Hii zamu yetu! Tumeandikwa kwenye orodha!"

Maire hakubishana. Alichukua ndoo ya maji pamoja na upawa wake, akapanda navyo juu. Bila maji ya kumwagia mawe ya moto ili mvuke utoke, walibaki wamekaa ndani ya kabati lenye joto. Baada ya dakika kumi wakaja mmoja mmoja, wamejifunga taulo, wakitetemeka kwenye korido.

"Rudisha ndoo, Maire. Tutapata kichomi."

"Vaeni suruali."

Walikaa hivyo saa mbili, ndoo ikiwa chini ya kiti chake. Plastiki ilikauka, ikakaza. Kifaa cha kupimia kikaanza kutembea taratibu mbele yake, na mstari ukajichora kwenye skrini, ukaenda, ukaenda, haukupinda. Dokta Rautanen alijikohoza, akapiga simu lori lisije.

Kisha Maire akapiga ya kwake, kwa Helvi, mjane wa Pentti.

"Imenyooka," alisema.

"Alinieleza kila jioni kwamba itanyooka," alisema Helvi. "Nami nilikuwa namwambia ale kwanza, viazi vinapoa."