Kivuli cha Mkono wa Kushoto

Video yenyewe haifiki sekunde mbili. Ina picha hamsini na nane, nami nimezitazama moja moja mara nyingi kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote cha kazi yangu. Ukiiacha iende kwa mwendo wake wa kawaida, utaona barabara kavu, jua la asubuhi likipiga kutoka nyuma, gari la mikate likikata kona mbele ya pikipiki, kisha anga tupu. Basi.

Mwendesha pikipiki ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Kazini tunamwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake. Sisi ni watu wa maabara. Waendesha pikipiki wetu kumi na wawili huzunguka zahanati kila asubuhi, wakikusanya sampuli za damu na kuzileta zikiwa bado za baridi. Mimi ni msimamizi wao. Wananiita Takwimu, na sijawahi kulikataa jina hilo.

Hoja ya kamera ilikuwa yangu. Niliifikisha kwenye kikao cha waendesha pikipiki nikiwa na karatasi mkononi: mwaka uliopita tulipata ajali kumi na nne, kumi na moja kati ya hizo kwenye makutano ya barabara, na tisa katika hizo lawama ilituangukia sisi kwa kukosa shahidi. Nilipendekeza kila mmoja afungiwe kamera ndogo kwenye helmeti.

"Kamera ya nini?" akauliza Taratibu kutoka nyuma. "Mungu kanipa macho mawili, na hata hayo nikiyatumia yote kwa pamoja nachoka."

Wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Macho yako hayatunzi ushahidi," nikamwambia.

"Yanatunza. Muulize dada yako kama nimesahau alichovaa siku ya kwanza nilipomwona."

"Alivaa nini?" akadakia mmoja.

"Hasira. Hajaivua mpaka leo."

Kicheko kilipotulia akaongeza, safari hii bila mzaha: "Shemeji, barabarani mtu anataka akili yake yote iwe mbele. Ukinipa kitu cha kukitunza kichwani, umenipunguzia akili."

Nikamjibu kwamba hiyo ni hisia, na kwamba kikao kilikuwa kinajadili takwimu. Meneja wetu, mama asiyependa vikao virefu, akaidhinisha kamera nne za majaribio kwa miezi mitatu. Moja nilimpa Taratibu kwa makusudi. Mpinzani akikubali, wengine hufuata.

Tatizo lilijitokeza wiki ya kwanza. Betri ilidumu saa mbili tu, na kabla ya adhuhuri kamera zote zilikuwa zimekufa. Nikakaa na tarakimu zangu nikapata jibu. Kama ajali nyingi hutokea kwenye makutano, hakuna haja ya kurekodi barabara nzima. Nikaandika kanuni saba, nikazibandika kwenye ubao kando ya mlango wa kutokea. Ya nne ilisema: *Washa kamera unapokaribia makutano. Zima ukishavuka.* Kamera nilizifunga mwenyewe, upande wa kushoto wa helmeti, ili mkono wa kulia usiondoke kwenye mafuta na breki. Nilijiona mtu mwangalifu.

"Hii ya nne umeijaribu?" Taratibu aliniuliza akiwa amesimama mbele ya ubao.

"Nimeijaribu."

Ni kweli nilikuwa nimeijaribu. Niliijaribu uani, pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi yake na injini imezimwa.

Ajali ilitokea wiki ya sita, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Taratibu alivunjika mfupa wa paja na vidole viwili. Gari la mikate lilikuwa limetoka upande wa pili likakata kona mbele yake. Dereva wake, mzee mwenye mvi za pembeni na shati lenye unga, hakukimbia. Alikaa kando ya barabara ameshika helmeti ya shemeji yangu mapajani mpaka askari wakaja. Hata hivyo walimlaza mahabusu siku mbili na kumnyang'anya leseni, kwa sababu maelezo yake yaliwachekesha.

Nilikuwepo kituoni alipoyarudia.

"Nilikuwa nimesimama," alisema. "Nikamwona anakuja. Akaniinulia mkono, hivi, nikajua ananipisha. Ndipo nikaingia."

"Pikipiki ikupishe wewe?" askari akamuuliza. "Tangu lini? Mzee, hata mtoto wa darasa la kwanza hadanganyi hivyo."

"Aliinua mkono, afande. Naapa."

Askari akanigeukia mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta kadi ya kamera. Tukaitazama video pamoja. Tulitafuta mkono. Nikaandika kwa kalamu yangu, nikatia saini: *Katika video hii hakuna ishara yoyote ya mkono iliyotolewa na mwendesha pikipiki.* Mzee alinitazama wakati naandika. Hakunitukana. Taratibu naye, alipohojiwa wodini, alisema hakumbuki kitu.

Siku tano baadaye, Jumanne, meneja aliniagiza taarifa ya majaribio. Alitaka kwenye jalada iwepo picha moja kutoka kwenye video iliyotuokoa. Nikachagua picha ya kwanza kabisa, kwa kuwa baada ya hapo kila kitu kinatikisika. Nikaikuza ili niikate vizuri. Ndipo nikaona tulipokosea. Tulikuwa tumetafuta mkono hewani, na kamera iliyofungwa kwenye helmeti haiwezi kuuona mkono ulioishika helmeti hiyo. Lakini jua lilikuwa nyuma. Kivuli cha Taratibu kilikuwa mbele yake kwenye lami, kirefu na cheusi. Mkono wa kulia ulishuka hadi kwenye usukani. Wa kushoto ulikuwa umepanda mpaka kichwani, kiwiko nje, na mwanga ukipita katikati kama kwenye kishikio cha kikombe.

Katika picha hiyo magurudumu ya gari la mikate yamesimama. Yanaanza kuzunguka kwenye picha ya sita. Mkono wa Taratibu unaondoka kichwani kwenye picha ya arobaini na moja. Picha ya hamsini na tatu ndiyo ya kwanza ambamo vivuli vya mikono yote miwili viko kwenye usukani. Zinabaki tano. Kabla ya hapo alikuwa amekwishakamata breki kwa mkono mmoja, na pikipiki inayofungwa breki ya mbele kwa mkono mmoja hugeuza usukani upande huohuo. Ilimpeleka chini ya gari.

Sikumwambia mtu. Nilijipa sababu, na kila moja ilikuwa na mantiki yake. Askari hawakuuliza kuhusu kivuli. Aliyeumia mwenyewe alisema hakumbuki. Huenda alikuwa anajikuna. Usiku nililala, asubuhi nilikula, na kila nilipopita kwenye ubao kando ya mlango nilitazama upande mwingine. Zahanati moja kwenye njia ya Taratibu hupelekewa mikate na gari lile. Jumatano mwendesha pikipiki aliyemshikia zamu alirudi akasema muuguzi anauliza yule mzee wa mikate yuko wapi, maana siku hizi mikate inaletwa na mtu asiyesalimia.

Ijumaa meneja aliniita.

"Kuanzia Jumatatu wote kumi na wawili wanafungiwa kamera," akasema. "Na hizi kanuni zako saba zinakuwa za lazima. Hii ya nne nimeiwekea wino mzito. Ndiyo iliyotusaidia. Hongera."

Nikasema asante. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko nilivyotaka: nilisema asante.

Jumamosi alasiri nilikwenda kumtazama shemeji nyumbani. Alikuwa kwenye kochi, mguu uko kwenye plasta mpaka kiunoni, umelazwa juu ya stuli na blanketi lililokunjwa mara nne. Dada yangu alinipokea mfuko wa matunda kwa mikono miwili.

"Karibu, kaka. Bila kamera yako leo tungekuwa bado tunabishana na yule mzee muongo."

"Mwache akae kwanza," akasema Taratibu. "Huyu ukimsifu kabla hajakaa anaanguka."

Dada akaenda jikoni kuchemsha chai. Nikasogeza kiti karibu na kochi.

"Kidole chako kilikuwa kwenye kitufe," nikasema.

"Kilikuwa kwenye sikio. Lilikuwa linaniwasha."

"Shemeji."

"Siku hizi mtu haruhusiwi kujikuna?"

"Nimeona kivuli chako."

Akaitazama plasta yake, akafuta vumbi ambalo halikuwepo. "Ile mashine yako hailii papo hapo," akasema kwa sauti ya chini. "Unabonyeza, unashikilia, unasubiri ilie ndipo ujue imewaka. Nilikuwa nasubiri ilie. Gari nililiona. Nikasema moyoni, acha ilie kwanza."

"Kwa nini uliwaambia hukumbuki?"

"Ningekumbuka, ningekukumbuka wewe." Akaelekeza kidevu jikoni. "Yule ana watu wawili wa kuwategemea duniani. Mmoja ndiye huyu, mguu juu ya stuli. Nimwondolee na wa pili?"

Ningeweza kunyamaza hapo. Aliyeumia alikuwa ameshanisamehe, tena kabla sijaomba, na msamaha wa namna hiyo ni mzito kuubeba kuliko kesi. Dada aliingia na vikombe. Nikamwomba akae, nikafungua kompyuta ndogo niliyokuja nayo, nikaiweka juu ya meza.

"Ile video? Nimeshaiona, kaka. Sitaki tena."

"Tazama chini. Kwenye lami."

Akainama. "Naona kivuli chake. Huo mkono unafanya nini kichwani?"

"Unawasha kamera."

"Pale? Makutano hayo hapo, na gari hilo hapo?" Akamgeukia mumewe. "Ndiyo akili gani hiyo? Mwehu gani alikwambia uwashe kamera pale?"

"Mke wangu, chai inapoa," akasema Taratibu.

"Mimi," nikasema. "Niliandika kanuni. Aliifuata."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alibaki ameinama mbele ya kioo cha kompyuta.

"Na yule mzee?"

"Alisema kweli. Aliona mkono umeinuliwa."

"Umejua lini?"

"Jumanne."

Akahesabu kwa vidole, jinsi nilivyomfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo, akianza na kidole gumba. Vidole vitano. Kisha akachukua kikombe alichokuwa ameniwekea, kikiwa bado kimejaa, akarudi nacho jikoni. Nikasikia chai ikimwagwa kwenye sinki.

"Nilikwambia," Taratibu akasema. "Hasira. Hajaivua."

Hatukucheka.

Jioni hiyohiyo nilimpigia simu meneja, nikamweleza yote. Akauliza nani mwingine ameona. Nikamjibu: shemeji yangu, dada yangu, na Jumatatu asubuhi askari. Akasema, "Basi umeshaamua kabla hujanipigia." Nikasema ndiyo.

Jumatatu kituoni walimwita mzee. Alikuja na shati safi. Askari aliyemcheka aliisimamisha picha ya kwanza na kumwonyesha kivuli kwa ncha ya kalamu. Nilitegemea mzee aseme, "Si nilisema mimi?" Alikuwa na haki hiyo. Aliomba aoneshwe tena, na tena.

"Kumbe hakuwa ananipisha," akasema.

Askari akaiweka kalamu mezani.

"Siku zote hizi nilijua mimi sina kosa, kwa sababu alinipisha. Hata mahabusu nililala nikijua hivyo. Kumbe nimemwingilia mtu aliyekuwa na shughuli zake kichwani." Akanigeukia. "Mguu wake unaendeleaje?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba shughuli ile nilimpa mimi, na kwamba mstari ule niliouandika mbele yake ulikuwa wa uongo ingawa sikujua, na kwamba tangu Jumanne nilijua. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikung'uta shati lake lisilo na unga. Askari alimrudishia leseni, akaipokea bila kuitazama.

Kamera hazikuondolewa. Huwashwa mara moja tu, uani, kabla ya kuondoka, na betri inapokufa inakufa. Anayegusa helmeti akiwa barabarani anasimamishwa kazi wiki nzima. Kanuni zangu saba nilizibandua mwenyewe. Mahali pake niliweka picha ya kivuli, na chini yake maelezo ya mistari sita yenye saini yangu. Meneja aliniachia cheo, lakini kanuni sasa huziandika yeye. Niliomba kitu kimoja: niendeshe pikipiki kwenye njia ya Taratibu hadi mguu wake upone. Dada yangu hupokea simu zangu. Hujibu nilichouliza, kisha hunipa mumewe.

Siku ya tatu ya zamu hiyo, saa mbili na dakika chache asubuhi, jua likiwa nyuma yangu, nilifika kwenye makutano yale. Gari la mikate lilikuwa limesimama upande wa pili, indiketa inawaka. Nilimwona mzee, naye aliniona. Nilipunguza mwendo. Kivuli changu kilinitangulia kwenye lami, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilitaka sana kumsalimia.

Sikuinua mkono. Alisubiri mpaka nikapita kabisa, ndipo akaingia.