Udongo wa Nyigu

Kavoi ni mwanamume mzuri, na siku ile nilitaka kumuua.

Ngoja niseme vizuri. Huku Soweto West, hapa Kibera, nyuma ya ploti yetu, tuna kashamba, magunia ya udongo yaliyopandwa sukuma wiki tu, na katikati sisi akina mama tumetundika sanduku la mianzi. Tunaliita hoteli ya wadudu. Wageni wake ni nyigu, si wale wa kushambulia kwa kundi. Hawa kila mmoja anaishi peke yake na kazi yake ni kuua. Anampiga kiwavi sindano hadi alegee, anamburuta akingali hai, anamsukuma ndani ya mwanzi, anataga yai juu yake, anaziba mlango kwa udongo. Mtoto wake akitoka anakula hiyo nyama pole pole. Mimi hukaa pale na chai yangu nikiangalia, na sitakudanganya, hufurahi. Hao viwavi walinimalizia sukuma.

Sasa, Wanza. Ni mke wa Kavoi, wa kutoka Kitui, mlango unaofuata wangu. Alikuwa amepoteza mimba mbili, na hii ya tatu ilikuwa imekua vizuri. Kavoi alichanganyikiwa kwa woga. Maji anateka yeye, nguo anafua yeye, wanaume wa ploti wanamcheka. Nesi alipomkataza Wanza kula udongo, Kavoi alitupa odowa zake zote, vile vijiwe vya udongo vya kutafuna, kwa mtaro. Basi Wanza akahamia kwa hoteli. Anabandua vile vifuniko vya nyigu na kucha, anatafuna. Eti nyanya yake alikula udongo wa nyigu kila akiwa na mimba na zote zikashika. Nilimwambia aache, akanichekea tu. Kavoi hakujua lolote.

Kazi ya Kavoi ni kupiga nyumba za watu dawa ya kunguni. Asubuhi hiyo nyigu alitua kwa tumbo la Wanza, basi, ikawa vita. Nilitoka kuteka maji nikakuta harufu inakata koo, hoteli inatiririka dawa, nyigu wanajinyonganyonga kwa matope. Kavoi, pampu mgongoni, akaniambia ameshamaliza, sasa mtoto yuko salama.

Nikamuuliza Wanza ako wapi. Hakujua.

Nilimpata nyuma ya magunia, anatafuna. Kavoi alipoenda kuongeza maji kwa pampu, yeye alibandua vipande vya upande wa chini, akidhani dawa haijafika huko. Nikamwambia ateme. Akatikisa kichwa, akameza. Mungu wangu! Nilimshika taya nikamtia vidole viwili kooni. Akaniuma hadi mfupa. Nikamzaba kofi, ndiyo, mjamzito, nikamzaba lingine. Tukaanguka, nikahakikisha niko chini ili tumbo lisigonge, na vidole sikutoa.

Kavoi akatokea akaona namkaba mke wake. Kile chuma cha pampu cha kupulizia dawa kilinipata begani kwanza, halafu mkononi, nikasikia mfupa umekatika.

"Kavoi, amekula dawa yako," nikasema.

Hakunisikia, alikuwa ameinua tena. Hapo Wanza akatapika juu yangu, udongo, chai, viwavi wa kijani walionasa kwa udongo, na ile harufu. Kavoi anaijua hiyo harufu kuliko mtu yeyote Kibera. Chuma kikamtoka.

Alimbeba mikononi mbio hadi kliniki moja upande wa mtaa wa Ayany, na mimi nyuma nimeshika mkono wangu, namtukana njia nzima. Wanza alikuwa anatoa povu. Daktari akanigombeza, kwamba mtu wa sumu hatapishwi hivyo. Halafu akauliza ni nani amempa huyu mama sumu. Nilitaka kusema ni nyigu.

"Ni mimi," Kavoi akasema.

Akageukia ukuta akaanza kuugonga na kichwa. Aligonga hadi damu ikamjaa machoni, na mimi, kusema ukweli, nilimwacha agonge kidogo. Wanza ndiye aliyemwita, sauti imekwisha, sindano ya maji imeshawekwa mkononi.

"Kavoi, utalia baadaye. Weka mkono hapa."

Akaja, akauweka juu ya tumbo. Tulingoja sana. Daktari aliacha kuandika, hata mimi nikasahau mfupa wangu. Halafu nikaona kiganja cha Kavoi kimeruka.