Upande wa Kushoto wa Mama Mkwe

Asubuhi ile mkamwana alikuwa amekaa kushoto kwa cherehani, mahali pake tangu aolewe, akimpa mama mkwe vifungo vya sare za shule, alipoona kidole chake cha mwisho hakipo. Hakikuuma wala hakikutoa damu. Pazia la upande huo lilishatoweka, na kiti cha wageni nacho. Mumewe alisema vitu vya nyumbani havikosi kupotea, akaenda zake kazini.

Kiwiko kilipokwenda, mkamwana akaelewa kwamba kila kilichotoka kwenye pembe ya macho ya mama mkwe kilikuwa kinatoka duniani. Akaogopa hasa. Akamshika mama wa watu kwa mkono uliobaki, wakaenda hospitali ya macho.

"Presha ya macho," daktari alisema baada ya vipimo. "Imeshakula pembeni." Akamgeukia mkamwana. "Na wewe imefika wapi?"

"Begani, daktari."

"Basi mmewahi."

Akawaeleza kwamba si lazima jicho lipasuliwe pakubwa. Angetoboa padogo, apachike kijibomba kisichofika punje ya mchele, maji ya jicho yapate njia na presha ishuke.

"Lakini tusidanganyane. Kilichokwenda kimekwenda, tunalinda kilichobaki. Na wewe mama, jizoeze kugeuza shingo. Ukimgeukia, utamwona."

"Shingo ninayo," mama mkwe akasema. "Cha kugeukia ndicho sijakiona."

Wakacheka wote, mkamwana pia, maana mkwe akitania utafanyaje?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mgonjwa alikuwa macho muda wote, akimsimulia muuguzi habari za kola. Jioni mkamwana alijitazama kwenye kioo, bega lilikuwa bado lipo. Kesho yake pia. Alilia kwa furaha, kisha akaosha vyombo, polepole, kwa mkono mmoja.

Kazi ya kushona iliporejea, mkamwana alisema, "Mama, nihamie kulia?"

"Kulia kuna dirisha. Utaniziba mwanga."

"Basi nigeukie, mama. Mara moja tu."

"Ngoja nimalize shati hili."

Shati likaisha, akachukua jingine. Jirani akaja kutoa pole, akakaa kitandani kwa kukosa kiti, akauliza mkamwana naye anaendeleaje.

"Yule?" mama mkwe akajibu, macho kwenye sindano. "Yule hana neno."