Mtoto Mwenye Adabu Kupita Kiasi

Mimba ya miezi mitano haikumzuia mfyatua matofali kuvua ndala asubuhi, kukunja gauni hadi magotini na kuingia shimoni kukanyaga udongo. Viatu vilikatazwa, Tajiri, mwenye kiwanda, alisema vinaingiza changarawe. Kiwanda kilikuwa kimetoa matofali ya shule, ya benki, na ya nyumba ya Tajiri yenye vyoo vinne, ila chenyewe hakikuwa na choo hata cha kusingizia. Wafanyakazi walijisaidia kichakani, juu kidogo, na mvua ikinyesha yote yaliteremka shimoni.

Minyoo ilimpigia hodi nyayoni siku ya Jumanne. Ilikuwa hodi ya kistaarabu, yenye kuwasha kidogo, naye alikuwa amelelewa asimfukuze mgeni. Akasema karibu, akaendelea kukanyaga. Ikapanda hadi utumboni, ikatandika, ikawa inakunywa damu yake asubuhi na jioni. Alipauka hadi mama mkwe akamuuliza kama siku hizi anakula chaki.

Mtoto alizaliwa mdogo, wa kubebeka kwa kiganja. Kabla hajalia, alisema, "Karibuni." Alimwambia mkunga, akamwambia na nzi aliyeingia dirishani.

"Adabu hiyo amechukua kwetu," mama mkwe akasema.

Nesi wa zahanati hakukubaliana naye. "Adabu gani, mama? Mtoto kakaa tumboni anaona minyoo inaingia na hakuna anayeifukuza. Kadhani ndiyo desturi ya nyumba. Askari wa mwili wake wamegeuka wahudumu wa hoteli."

Akamchoma chanjo.

"Karibu, keti," mtoto akaiambia sindano.

Nesi akatikisa kichwa. "Chanjo ni mwalimu, kaja kumfundisha kupigana. Huyu anampa kiti tu, somo hasikilizi. Mlete tena na tena, usikose hata moja. Mkaidi naye hufundishika."

Akampa mama dawa ya minyoo. Minyoo ikaondoka kesho yake bila hata kuaga, utovu wa shukrani kabisa. Ila mtoto alikuwa ameshazoea alivyozoea. Mafua yalipokuja aliyapisha kitandani. Harisho lilikaa wiki nzima, naye akaliomba radhi kwa ufinyu wa chumba.

Alasiri moja Kifaduro akatokea mlangoni, mzee mwembamba mwenye koti, akikohoa hadi mabati yakalia. Mfyatua matofali alimjua mara moja. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kushindwa na mdai yeyote, akaziba mlango kwa kanga.

"Hapa hakuna mtoto."

"Nipo, bibi!" ikaita sauti chumbani. "Unamwachaje mtu mzima juani? Mwambie aingie."

Kifaduro akavua kofia, akaingia.

Alikaa sana. Mfyatua matofali alimshika mwanawe wima kifuani, akihesabu kila pumzi na kuogopa ile ambayo haikuja haraka. Hakuwa amempenda mtu hivyo maishani, na hakuwa na la kufanya ila kushika. Nesi alikuja na dawa kila jioni, akampita mzee bila kumsalimu. Mwishowe Kifaduro akachukua koti lake. Mtoto, aliyebaki macho na mbavu, akanyanyua mkono. "Usipotee hivyo. Njoo tena."

"Nitampiga," mama mkwe akasema, akamkumbatia akilia.

Kulipokucha mfyatua matofali akaenda kwa Tajiri kumwomba matofali ya choo. Akamweleza yote, kuanzia shimoni hadi kifaduro. Tajiri aliguswa sana. Akasema watoto wa siku hizi hata kusalimia hawajui, huyo amlee vizuri. Kuhusu matofali, alisikitika. Yaliyopo yote yana wenyewe. Lori likapita nyuma yao, limejaa.

Mimba ya pili ilikuwa bado changa, haijaonekana hata kwenye gauni. Akavua ndala, akashuka shimoni. Udongo ulikuwa wa baridi na umelainika kwa mvua ya jana. Hodi ikapigwa chini ya unyayo wa kushoto.

Safari hii alijua. Akabana midomo, akauma meno, asitoe hata pumzi.

"Karibuni," akaitikia aliye tumboni.