Kura ya Kelele

Klabu ile ilikuwa mali ya wanachama. Hilo lisemwe mapema, maana siku hizi kuna watu hulisema kwa kicheko. Kila mwenye kadi alikuwa na sehemu yake katika timu, katika basi bovu, na zaidi ya yote katika uwanja, ambao baba zao waliusawazisha kwa majembe baada ya kutoka kazini, bila senti ya tajiri yeyote. Viongozi walikuja na kuondoka, kila mmoja na tumbo lake. Mwenyekiti mmoja alikula viingilio. Aliyemfuata akala jezi. Wa baada yake akala mchezaji mzima: mshambuliaji aliuzwa ng'ambo, pesa zikaota ghorofa mahali fulani, na wanachama wakaambiwa eti kijana kaondoka bure. Lakini uwanja haukulika. Uwanja ulikuwa mfupa uliomkwama kooni kila fisi.

Sasa alikuwa amekuja fisi mwenye meno mapya, na watu wakamwita Mfadhili.

Alikuwa mfanyabiashara wa saruji na nyumba za kupanga. Wachezaji hawakuwa wamelipwa mishahara tangu msimu uanze, na basi lilishikiliwa gereji kama mahabusu. Mwenyekiti wa sasa akasema dawa ni moja tu: klabu igeuzwe kampuni, Mfadhili achukue hisa nyingi alipe madeni, na uwanja uingie humo kama mtaji. Katiba ya klabu ilitaka theluthi mbili ya wanachama wakubali kwenye mkutano mkuu. Bila hiyo, hakuna kampuni.

Aliyesimama kupinga alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mwenye karakana chini ya jukwaa la uwanja huohuo. Wote walimwita Fundi. Tangu habari zilipovuja alizunguka nyumba kwa nyumba, ovaroli imejaa matundu ya cheche, na hotuba yake ilikuwa fupi.

"Deni ni homa," aliwaambia. "Tangu lini mwenye homa akakatwa mguu?"

"Unatetea karakana yako, Fundi," kinyozi alimtania, wembe mkononi. "Sema ukweli wako."

"Naitetea, sikatai. Na wewe siku ya mechi utamnyoa nani, uwanja ukishakuwa maghorofa? Utapanda ngazi na kioo chako kichwani?"

Kinyozi akacheka mpaka mteja akashika sikio lake kwa hofu. "Haya bwana. Kura yangu unayo."

Muuza viatu vya mitumba akasema hivyohivyo, na mama wa duka la vinywaji, na wazee wa jukwaa la mashariki wote. Fundi akaanza kulala usingizi.

Kilichomkera kilikuwa cha nyumbani. Kaka wa mkewe ndiye aliyekuwa kiongozi wa ushangiliaji, na koo lake lilimpa jina la Tarumbeta. Yeye akisimama jukwaani na ngoma yake iliyopasuka, akauliza "Tupo?", uwanja mzima ulijibu "Ndiyooo!" "Pamoja?" "Ndiyooo!" "Tunasonga?" "Ndiyooo!" Watoto wa pale walijua kuitikia kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Siku moja kabla ya mkutano, mchana, Tarumbeta alikuja kumsalimia dada yake. Fundi hakumpa hata nafasi ya kuketi.

"Shemeji, kesho utakaa upande gani?"

"Upande wa timu."

"Timu imewekwa mnadani, wewe wasema upande wa timu!"

"Shemeji nawe! Umekaa na vyuma mpaka moyo umeshika kutu. Mfadhili kaahidi ngoma mpya na magari ya kutupeleka kwenye mechi za mbali. Nimepiga mpasuko huu tangu sina ndevu. Nizeeke nao?"

Mke wa Fundi alikuwa akipiga pasi. Hakuinua macho. "Kaka, wewe ukipewa ngoma huulizi ngozi ni ya nani."

Tarumbeta akacheka mpaka akakohoa. "Jamani, mimi siasa siijui. Mwenyekiti kaniomba nichangamshe ukumbi, basi. Kuchangamsha nako dhambi?"

Hapo ndipo Fundi angetega sikio. Hakutega. Alikuwa akizipanga kura zake kichwani, kama mtu anayekula kuku ambaye bado yuko juu ya mti.

Mkutano ulifanyika asubuhi katika ukumbi wa shule. Mlangoni waligawa jezi mpya, na kifuani, mahali pa jina la timu, paliandikwa jina la saruji. Kinyozi alikuwa ameshaivaa yake.

"Jezi si kura, Fundi. Usinitazame hivyo."

Fundi akaenda kuketi safu ya mbele, pembeni ya kipaza sauti kilichowekwa kwa ajili ya wanachama, ili asipitwe. Mwanasheria wa klabu alisoma madeni kwa sauti ya msibani, mpaka shingo za watu zikapinda kwa usingizi. Kisha Fundi akaruhusiwa kusema, na haki yake apewe: alisema vizuri. Aliwataja wenyeviti mmoja baada ya mmoja, na alichokula kila mmoja. Akauliza mbona mwenye nyumba hauzi nyumba ili alipe bili ya maji. Akauliza pesa za yule mshambuliaji ziko wapi, na mwenyekiti akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

"Sema, Fundi!" watu walipiga kelele. "Uwanja hauuzwi!"

Alipoketi, makofi yalitikisa mabati. Zingepigwa kura pale pale, Mfadhili angerudi kwenye saruji yake.

Mwenyekiti akatabasamu. Mtu anayetabasamu huku anapigwa, mwogope.

"Tumemsikia ndugu yetu," alisema. "Ndiyo raha ya klabu yetu, kila mtu anasema. Lakini naona damu zimechemka, na sisi ni familia moja. Kabla hatujaendelea, hebu tukumbushane sisi ni nani. Tarumbeta yuko wapi?"

Tarumbeta alikuwa tayari juu ya kiti, jasho linamtoka, ngoma kifuani.

"Tupo?"

"Ndiyooo!"

"Pamoja?"

"Ndiyooo!"

Watu walisimama. Wazee waliinua fimbo. Mwenyekiti akacheza hatua mbili, akamsogelea Tarumbeta, akamshika bega kama mdogo wake.

"Tunasonga?"

"Ndiyooo!"

Na kabla ngoma haijapumua, mwenyekiti akadaka mdundo kwa kipaza sauti chake:

"Na kampuni yetu?"

"Ndiyooo!"

Ukumbi ukashangilia, kisha ukaanza kunyamaza vipande vipande, kama watu wanaogundua kwamba wamepanda gari lisilo lao. Mwanasheria alikuwa anaandika.

"Hoja imepita," mwenyekiti alisema, "kwa sauti ya wanachama wenyewe."

Fundi aliruka. "Hiyo si kura! Hiyo ni kelele!"

"Katiba inasema wanachama wakubali," mwanasheria alijibu kwa upole. "Haikusema kwa karatasi au kwa mdomo."

"Hatukukubali! Mimi nimekataa!"

"Tusikilize basi, tusibishane." Mwanasheria alichukua simu yake, iliyokuwa ikirekodi tangu dua ya kufungua mkutano, akaiweka mbele ya kipaza sauti. Ngoma ikasikika. Swali likasikika. Na juu ya ile ndiyo ya watu wote ikapanda ndiyo moja nene, ya karibu, iliyovutwa kuliko zote, imeingia kwenye kipaza sauti cha safu ya mbele kama mtu anayeimba peke yake.

"Hii ni ya nani, ndugu yangu?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wawili. Kisha ukumbi wote ukaangua kicheko, na waliocheka zaidi ni wale waliokuwa wakipiga kelele kwamba uwanja hauuzwi, maana aibu ikishapata mbebaji, wengine hutembea mikono mitupu. Kinyozi alijiziba mdomo kwa jezi.

Fundi aliijua ile sauti. Aliitikia vile tangu anabebwa mabegani na baba yake, na mdomo wake ulifunguka wenyewe, kama goti linavyoruka likigongwa. Alitaka kusema kwamba hakukusudia. Lakini kila aliyekuwamo humo angeweza kusema hivyo, na hakuna aliyesema.

Barua ya kuhama karakana ilimfikia kabla nyasi za uwanja hazijang'olewa. Siku ya kutoa vitu hakuja mtu. Kinyozi alikuwa na wateja, na wazee wa jukwaa la mashariki walikuwa na miguu inayouma. Alikuja Tarumbeta peke yake, kainamisha macho chini.

"Shemeji, lile swali la mwisho sikulijua."

"Ungelijua?"

Tarumbeta alipangusa vumbi kwenye mashine ya kuchomelea, akairudia tena mahali palepale. "Ngoma wamenipa," alisema mwishowe.

"Ina mlio?"

"Haina. Ni ya plastiki."

Fundi nusura acheke. "Shika upande huo. Tumia miguu kuinua, mgongo uache."

Mashine ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyekufa. Waliiburura na kuinyanyua, wakapita kando ya vigingi vya wapima ardhi vilivyochomekwa ndani ya boksi la penalti, mpaka getini. Mlinzi mgeni, sare bado ina mikunjo ya dukani, akanyoosha mkono.

"Kibali."

"Kibali cha nini? Hii ni yangu."

"Kila kilichomo uwanjani ni cha kampuni, mzee, mpaka ofisi iandike vingine. Na ofisi haiko hapa. Imehamia kwa Mfadhili."

"Bwana mdogo," Tarumbeta akajitokeza, "kwani wewe hunijui mimi?"

Mlinzi akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye ile jezi ya saruji. "Sikujui."

Wakaitua mashine chini. Mlinzi akasukuma komeo. Fundi akaketi juu ya mashine yake, akatoa kitambaa, akajifuta shingo.

"Nenda kamwambie dada yako asinisubiri kula."

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi niko hapa. Nikiinuka tu, nayo itaitwa mtaji."