Benchi la Mbele

Jumamosi ile wanaume wanne walipoingia soko la Magomeni, Kilosa, na mabomu, Limi alikuwa anampimia mteja mchele. Mume wake, Pastory, fundi baiskeli, alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, ameinamia tairi. Kishindo cha kwanza Limi alikisikia. Cha pili hakukisikia kwa sikio la kushoto, maana halikuwepo tena. Walikufa watu kumi na saba siku hiyo. Pastory alizikwa Jumatatu, mkewe akiwa bado wodini, uso wote bandeji.

Kati ya wale wanne, aliyekamatwa hai ni mmoja: Donati, mtu wa Ruhembe, aliyewahi kukata miwa kabla hajajiunga na kikundi kilichotaka nchi nzima iishi kwa woga.

Kesi ikapelekwa Morogoro. Kila ilipotajwa, Limi alipanda basi la alfajiri. Hakusema neno na mtu. Alikaa benchi la mbele, akavua mtandio, akaligeuza shavu lake lililoungua likaelekea kizimbani. Kesi iliahirishwa mara tano, naye akaenda mara tano.

Mchungaji Yared alimfuata nyumbani. "Mama, samehe. Moyo huo utakumaliza mwenyewe."

"Baba mchungaji, siku unamzika Pastory, jeneza lilifunguliwa watu wamuage?"

"Halikufunguliwa."

"Basi niache nipande basi langu."

Mwezi wa nane akaja mgeni mwingine. Alipiga magoti mlangoni hata kabla ya kukaribishwa. Alikuwa Monica, mama yake Donati.

"Inuka," Limi alimwambia. "Wewe hukunirushia kitu."

"Dada yangu, nakuomba usiende tena mahakamani. Mwanangu hali, halali. Nikienda kumwona mahabusu wimbo wake ni mmoja: yule mama, yule mama. Mtukane ukitaka. Ila usimtazame vile."

Limi akamwinua kwa mikono miwili, akampa maji ya kunywa, akamsindikiza hadi stendi. Wakati wa kurudi alijikuta anatabasamu barabarani peke yake, na lile shavu likamuuma kwa kuvutika. Miezi yote hiyo alidhani anatazama jiwe. Kumbe jiwe linaumia!

Tarehe iliyofuata alifika kabla ya makarani. Donati alipandishwa kizimbani, akainamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena.

"Mheshimiwa," alisema, "yule mama akae nyuma."

"Mahakama hii iko wazi," jaji alimjibu. "Anakaa anapotaka."

Donati akashika ukingo wa kizimba. "Basi nakiri. Nakiri yote. Nimalizieni."

Akamtaja hadi mtu aliyewapa mabomu, naye akakamatwa wiki ileile. Siku ya hukumu Donati alipewa kifungo cha maisha. Watu wa Kilosa walikumbatiana mle ukumbini, wengine wakalia kwa sauti. Agness, dada yake Pastory, alimshika Limi begani.

"Limekwisha, wifi."

Limi aliutoa mkono ule begani kwa hasira. Nani alimwambia anataka liishe? Alikuwa amejiandaa kwa tarehe ishirini zaidi, hata miaka, na huyu mtu amemponyoka kwa neno moja tu: nakiri.

Siku ya kwanza ya wageni alikuwa dirishani kwenye mapokezi ya gereza.

"Wewe ni nani yake?" askari aliuliza.

"Andika Limi, mjane wa Pastory."

Askari aliingia ndani, akakawia, akarudi. "Amekataa kukuona."

"Nikija mwezi ujao?"

"Utaandikishwa tena, na yeye ataulizwa tena."

"Anatajiwa jina langu?"

"Lazima atajiwe, mama. Atajuaje anamkataa nani?"

Limi akamshukuru. Akauliza kama siku ya wageni ni hiyohiyo kila mwezi, na basi la kurudi Kilosa linaondoka saa ngapi.